Kutoka Chuga mpaka Laetoli, wiki nzima tukifuata "walijuaje?"

Jumatatu, Arusha mjini

Mi nafundisha historia sekondari hapa Arusha na kila mwaka nikifika kwenye Zinjanthropus (Zinj), fuvu la zamadamu, yaani jamaa wa kale wa binadamu, la Oldupai, 1959, miaka milioni 1.75, kuna mtoto ananyoosha mkono anauliza sasa mwalimu walijuaje ni hiyo miaka? Hilo swali nalipenda kuliko yote yanayotoka kwenye mtihani, ndo limenitoa nyumbani. Binamu yangu anasoma akiolojia chuo kikuu Dar, yuko likizo, mhadhiri wake amempa kazi ya kupiga picha ukuta mmoja wa mashamba ya kale kule Engaruka, nami nikamwambia dogo hiyo safari tunaiunga mpaka Laetoli kwenye nyayo za zamadamu, mafuta nachangia. Ntaandika kila usiku kabla sijalala.

Leo hatujatoka mjini. Tumeanzia Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale kwenye Boma la Mjerumani juu kidogo ya mnara wa saa, watu wanapita nje kila siku na vifodi hawajawahi kuingia na wangeingia wangefurahi. Tumesimama kwenye sehemu ya chimbuko la binadamu muda mrefu tu na dogo akaanza kunielezea mambo ya umri. Watu wengi wanadhani kila kitu cha kale kinapimwa kwa kaboni 14, sio kweli, kaboni inapungua nusu kila baada ya miaka kama 5,730 hivyo ukifika kama miaka 50,000 iliyobaki ni kidogo mno haisomeki tena. Kwa Zinj haina msaada kabisa. Pale walitumia mawe ya volkano. Ndani ya hayo mawe kuna potasiamu, na aina moja ya potasiamu inaoza taratibu sana, nusu yake inachukua miaka bilioni 1.25, na sehemu ya kinachotokea ni gesi ya agoni. Lava ikiwa bado uji wa moto ile gesi inatoroka yote, ni chungu kisicho na mfuniko, ikipoa ikawa jiwe mfuniko umefungwa na agoni inaanza kujikusanya humo ndani. Kwa hiyo ukipima agoni iliyomo na potasiamu iliyobaki unajua volkano ililipuka lini, na mfupa uliolala katikati ya matabaka mawili ya majivu umeshabanwa huku na huku, hauwezi kukudanganya.

Louis Leakey mwenyewe mwanzoni alikisia Zinj ana kama miaka 600,000. Mwaka 1961 yeye na wataalamu wawili wa Berkeley kule Marekani, Evernden na Curtis, wakatoa jibu la agoni, milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio, dunia nzima ikashtuka. Na lile jibu limetoka kwenye majivu ya volkano za kwetu huku.

Jumanne, Arusha hadi Engaruka

Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi, Kisongo, Makuyuni, Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu na chapati, lami ikaishia hapo kwa upande wetu. Njia ya Selela ni vumbi na mawe, ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto muda wote. Dereva wetu mzee wa Kimeru amepita hapa miaka na miaka, kila kijito anajua lini kinajaa. Tumefika mchana tumechoka, shikamoo kwa wazee, ada tumelipa ofisi ya kijiji, tukapewa kijana wa kututembeza, tumelala mapema.

Jumatano, Engaruka

Sijui nianzie wapi na hii siku.

Engaruka ni mashamba. Ya mawe. Kilomita za mraba kama 20 hivi za vijishamba vilivyozungushiwa kuta fupi za mawe, mifereji imepita katikati, na juu kwenye mteremko wa ukuta wa Bonde la Ufa kuna vijiji vya kale vilivyojengwa kwa ngazi, kila nyumba na kisimamio chake cha mawe. Watu walilima hapa kuanzia karne ya 15 mpaka ya 18 hivi, alafu wakaondoka. Mvua ya hapa ni ndogo sana, walitegemea vijito vinavyoshuka kutoka juu, na waliyagawa hayo maji kwa mifereji iliyopimwa mteremko vizuri kiasi kwamba nimetembea kwenye mmoja mguu kwa mguu na sikuweza kuona kwa macho kama unashuka, ila unashuka.

Zamani waliokuja walihesabu kuta wakachora ramani, kazi nzuri, ila swali la walilimaje udongo mkavu namna hii lilibaki. Jibu lilikuwa kwenye udongo wenyewe. Wanaakiolojia wa siku hizi wanakata kipande cha udongo kama kilivyo bila kukivuruga, wanakipeleka maabara, wanakigandisha kwa gundi mpaka kinakuwa jiwe, alafu wanakikata kipande chembamba kiasi kwamba mwanga unapita, ndo wanakiangalia kwenye hadubini. Ukiangalia hivyo unaona kila tabaka dogo la tope lilivyokaa. Kumbe haya mashamba sehemu nyingine hayakuwepo kabla, watu waliyatengeneza, walipanga mawe kukinga maji ya mto yenye tope, maji yakapita tope likabaki, wakaongeza mawe, likabaki tena, mwaka hadi mwaka mpaka wakapata udongo wa kina wa kupanda mtama. Walivuna udongo kabla ya kuvuna mtama! Nimekaa juu ya ukuta mmoja nikashika lile vumbi la kijivu laini nikawaza ni kazi ya mikono mingapi.

Sasa kazi ya dogo. Anaita fotogrametri. Ameweka vijiti vya kipimo vyenye rangi nyeusi na nyeupe chini ya ukuta, alafu anapiga picha, hatua moja, picha, hatua moja, picha, kila picha lazima ifunike sehemu kubwa ya ile iliyopita, akimaliza mstari wa chini anapandisha kamera anaanza upya. Ukuta wenyewe kama mita nane tu na ametumia asubuhi nzima. Programu kwenye laptopu inatafuta alama zilezile kwenye picha tofauti, kona ya jiwe, doa la ukoga, na kwa kuona hiyo alama imehama kiasi gani kati ya picha na picha inakokotoa iko wapi hasa, mwisho unapata ukuta mzima wa pande tatu unaweza kuuzungusha kwenye kioo na kuupima hadi milimita. Nikamuuliza kwa nini usichimbe tu uone ndani. Akasema, "Dada, ukishachimba umeshamaliza, hakuna kurudi. Picha naweza kurudia hata mara kumi na ukuta bado upo." Hilo neno limenikaa siku nzima.

Kijana wetu wa kijijini ametuonyesha mahali mawe yamebebwa, mengine yamejengewa mazizi, na hapo nimeumia moyo ila siwezi kumlaumu mfugaji ambaye hakuna mtu amewahi kuja kukaa naye chini kumweleza kilichomo.

Alhamisi, Engaresero

Mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai asubuhi hii ulikuwa wazi mpaka kileleni. Kijiji kiko chini yake, Ziwa Natron mbele, joto unalisikia kwenye meno.

Tulichofuata hapa ni nyayo za watu wa kale. Hazikugunduliwa na profesa, aliziona Mmaasai wa hapa kijijini, mwaka 2006 ndo habari ikaanza kutoka. Ziko zaidi ya 400 kwenye uwanja mmoja wa majivu ya Lengai yaliyoganda. Tumeenda na mama mmoja wa hapa anayetembeza wageni, tunamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, alituambia vueni viatu, hakuna aliyebisha. Jua lilikuwa bado chini hivyo kila unyayo una kivuli chake upande mmoja, na mimi nimechuchumaa mbele ya unyayo mmoja nikaona kidole gumba, na vile vinne vidogo, na kati ya vidole tope limejikunja juu kidogo kama linavyofanya hata leo ukikanyaga utelezi, na kisigino kimezama zaidi upande wa nje. Mtu huyu. Alipita hapa akiwa na haraka zake.

Vipimo vinaonyesha zina umri kati ya miaka kama 5,800 na 19,000, wakati huo ni watu kabisa kama sisi. Uwanja wote umepigwa picha na kutengenezewa modeli ya pande tatu, na mwaka 2020 watafiti wakatoa uchambuzi wao, urefu wa nyayo, umbali wa hatua, upande wanaoelekea. Kundi moja la watu 17 lilikuwa linatembea pamoja kuelekea kusini magharibi kwa mwendo unaofanana, na kwa ukubwa wa miguu wanaona 14 ni wanawake watu wazima, wanaume wawili, na kijana mmoja wa kiume. Wanawake 14 njia moja! Walilinganisha na jamii za leo za wawindaji na wakusanyaji, Wahadza wa hapa hapa kwetu wakiwemo, ambako akina mama wanatoka kwa pamoja kutafuta chakula na mwanaume mmoja mmoja anaongozana nao. Yeyo aliposikia hiyo hesabu dogo anaisema alicheka sana akasema hao wamekwenda kuni au maji, nani mwingine. Nimeandika kwenye daftari maneno yake chini ya maneno ya watafiti kwa sababu yanakaribiana sana.

Nyayo nyingine zinaelekea upande tofauti na hatua zake ni ndefu, kuna waliokuwa wanakimbia.

Kitu kinachoniuma hapa ni upepo na maji. Kila mwaka kingo za nyayo zinalika kidogo. Tulikuta mtu mmoja mgeni anataka kumwagia maji unyayo ili picha yake itoke vizuri, yeyo alimkemea kwa sauti mpaka mbuzi wakageuka, na nilitamani kumkumbatia.

Ijumaa, njiani

Kurudi Mto wa Mbu, kupanda ukuta wa bonde, Karatu jioni. Pancha moja. Makande na maziwa mgando. Laptopu ya dogo inachaji.

Jumamosi, Oldupai

Geti la Lodoare la kuingia Ngorongoro baridi kali na ukungu, baada ya kuzunguka ukingo wa kreta unashuka jua linatoka. Kwenye njia panda ya kuingia Oldupai kuna mafuvu mawili makubwa ya sanamu, hapo lazima usimame. Makumbusho mapya yamejengwa pale ukingoni, yalifunguliwa 2017, na bonde liko mbele yako na matabaka yake, nyeusi chini, kijivu, nyekundu, unasoma kwa macho kabla hujasoma bango lolote.

Tumeteremka na muongozaji mpaka sehemu ya uchimbaji inayoitwa FLK, alama ya jiwe inaonyesha mahali Mary Leakey aliona meno ya Zinj tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa kambini na homa. Nilidhani pale wameshamaliza. Kumbe bado wanachimba! Muongozaji ametueleza vizuri sana, kwamba wale wa kwanza walikuwa wanatafuta mifupa na mawe yaliyochongwa, hivi sasa wanachukua pia udongo ambao zamani ungetupwa. Ndani ya udongo kuna vichembe vya silika vilivyokuwa ndani ya seli za majani na miti, mmea unaoza vichembe vinabaki na kila aina ya mmea ina umbo lake, kwa hiyo unajua hapa palikuwa na nyasi au mitende au msitu. Kuna hadi nta ya majani ya kale iliyobaki kwenye tope, kemia yake inakuambia palikuwa na ukame au mvua. Mwaka 2021 timu yenye watafiti wa Kitanzania ilitoa matokeo ya sehemu inaitwa Ewass Oldupa, miaka milioni 2, na kwa hivyo vichembe na mkaa wakaonyesha zamadamu walirudi hapo tena na tena wakati mazingira yanabadilika, mara nyasi, mara msitu, mara kando ya ziwa. Hawakukimbia mabadiliko.

Alafu Machi 2025 ikatoka habari nyingine nzito, zana 27 za mifupa za miaka milioni 1.5, mifupa ya tembo na viboko imevunjwa na kuchongwa kwa makusudi kama walivyochonga mawe. Kabla ya hapo zana za mifupa zilizopangiliwa hivyo zilijulikana za baadaye sana, kama miaka laki tano. Bonde lilelile ambalo limechimbwa tangu enzi za akina Leakey. Dogo akasema, "Unaona sasa kwa nini hawachimbi lote." Yaani wanaacha makusudi, mara nyingi kinaachwa kipande hakiguswi, kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa watakuja na mashine ambazo hazijatengenezwa. Nimefundisha historia miaka mingi na sijawahi kuona mpango wenye heshima kwa wajao kama huo, ningetamani kwenye mambo yetu mengine pia tuwe tunaacha hivyo.

Jumapili, Laetoli

Kusini ya Oldupai kama kilomita 45, upande wa Endulen, njia mbaya, twiga wengi. Tulikuwa na kibali na afisa tuliyeongozana naye. Niwaambie ukweli mapema, nyayo zenyewe huzioni. Ukifika unaona tuta la mawe meusi ya lava na majani yameota pembeni. Nakala yake iko makumbusho ya Oldupai, ndo unaiona kule.

Ila mimi nilisimama pale nikasikia vizuri kuliko kama ningeziona. Mwaka 1976 watafiti walikuwa wanarushiana kinyesi cha tembo kwa utani wakati wa kurudi kambini, mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akaanguka na uso ukawa karibu na ardhi, akaona nyayo za wanyama na vishimo vya matone ya mvua kwenye majivu yaliyoganda. Miaka miwili baadaye zikapatikana za zamadamu, mstari wa kama mita 27, miaka milioni 3.66, wanatembea wima kwa miguu miwili. Umri huo ni agoni tena. Walipomaliza wakazifukia kwa udongo, na ndani ya udongo kulikuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea nyayo zenyewe. Miaka ya 1990 idara ya mambo ya kale ya kwetu pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani wakafungua, wakaondoa mizizi kwa uangalifu mkubwa, wakapiga picha kila unyayo kwa vipimo, wakafunika upya kwa mchanga uliochekechwa, kitambaa maalum cha kuzuia mizizi, na mawe juu. Ndilo hilo tuta.

Afisa akatuonyesha upande wa pili. Mwaka 2014 walikuwa wanachimba mashimo ya majaribio kwa sababu palipangwa kujengwa jengo la makumbusho, na profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, akiwemo Elgidius Ichumbaki, wakakuta nyayo nyingine za zamadamu wawili kama mita 150 tu kutoka zile za kwanza, na mmoja wa hao wawili waliopita alikadiriwa urefu wa sentimita 165, mrefu kuliko yeyote kwenye mstari wa zamani. Wakazitengenezea modeli ya pande tatu kabla ya kuzifunika. Fikiria kama mtu angekuja na tingatinga bila kupima kwanza.

Na kuna ya tatu, hii ndo ninayoipenda zaidi. Sehemu A. Zilichimbwa miaka ya 1970, nyayo tano zinazofuatana, zina umbo la ajabu, mguu mmoja unavuka mbele ya mwingine, mtaalamu mmoja akasema labda ni dubu, watu wakaziacha, mvua ikazifukia. Mwaka 2019 timu ya Charles Musiba, Mtanzania anayefundisha Marekani, ikarudi ikazitafuta kwa ramani za zamani, wakazisafisha, wakazipiga leza na picha, na wenzao walipima miguu ya dubu wa kweli kule Marekani na kurekodi wanavyotembea kwa miguu miwili. Sio dubu. Mwaka 2021 wakaandika kwamba ni zamadamu, na huenda wa aina nyingine tofauti na wale wa mstari mkubwa. Zilikaa pale miaka zaidi ya 40 zikisubiri mtu arudi!

Tumekula mkate na chai ya chupa kwenye kivuli cha mgunga, mzee wetu wa gari akauliza kama wale wawili wa nyayo za 2014 walikuwa mume na mke, afisa akajibu kwa upole mzee wangu hilo jiwe halisemi.

Jumatatu, kurudi Arusha

Njia nzima kuanzia Karatu tumebishana mambo ya vinasaba. Huku kwetu joto linaharibu DNA haraka, kwa muda mrefu wataalamu waliona Afrika haiwezekani, mpaka walipogundua ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio unaitunza vizuri kuliko mingine yote. Dogo akanitajia Luxmanda, Manyara hapo jirani tu, mifupa ya miaka kama 3,100 ikatoa DNA ya wafugaji wa kale, na mwaka 2019 utafiti wa watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania ukaonyesha wafugaji walivyoingia kutoka kaskazini na kuchanganyika na wawindaji waliokuwepo, na kwamba ilitokea kwa hatua zaidi ya moja. Watanzania Agness Gidna na Audax Mabulla wamo kwenye hizo kazi. Sehemu ya mifupa hiyo ilikuwa kwenye makabati ya makumbusho miaka mingi, waliochimba wenyewe hawakujua hata kama kuna kitu kinaitwa DNA ya kale. Nikamuuliza, na ile unayochimba mfupani si unaumaliza? Akasema ndio, unga kidogo tu ila haurudi, ndo maana lazima uombe kibali na uongee na watu wa eneo kwanza, na kama swali lako halijakaa sawa uache.

Tumefika nyumbani Sakina saa mbili usiku. Laptopu ilikuwa imefanya kazi usiku kucha Karatu na modeli ya ukuta wa Engaruka imekamilika. Dogo akaizungusha, akaondoa rangi zote ukabaki ukuta wa kijivu mtupu na vivuli, na karibu na mwisho wa kulia ukatokea mstari wima, mawe ya upande mmoja hayajashikana na ya upande wa pili, kama ukuta umejengwa mara mbili kwa nyakati tofauti. Pale shambani nilikaa juu ya huo ukuta na hakuna aliyeuona. Akampigia mhadhiri wake hapohapo, usiku ule ule, anaongea haraka mpaka maneno yanagongana. Mhadhiri akasikiliza yote alafu akamuuliza picha za upande wa nyuma ziko wapi. Hazipo. "Usiandike chochote, rudi kapige upande wa nyuma kwanza." Ijumaa tunaondoka tena, mzee wa gari tumeshamwambia.